Nyekundu Inayochapwa Nyeusi

Ukisimama nyuma ya mchoraji wa ramani anayetumia programu ya AutoCAD, utaona rangi kabla ya kuona nyumba. Kioo ni cheusi. Kuta ni za kijani, madirisha ya samawati, milango ya njano, vipimo vyekundu, samani za zambarau. Kisha anachapa, na karatasi inatoka na wino mweusi peke yake. Asiyeijua kazi hii huuliza rangi zote zile zilikuwa za nini, na mchoraji mwenye haraka humjibu kwa mkato kwamba zile si rangi.

Jibu hilo ni sahihi kuliko linavyosikika. Rangi za kwenye kioo zinafanya kazi ya ule mstari uliopakwa ubavuni mwa daladala la Dar es Salaam: haukupakwa ili gari lipendeze, unamwambia abiria gari linakwenda wapi. Katika ofisi moja nyekundu inakwenda kwenye milimita 0.18 na kijani kwenye 0.5. Ofisi ya jirani, ghorofa ile ile, imeamua kinyume chake, na ramani zake zinasomeka vizuri vile vile. AutoCAD inazo rangi 255 zenye namba: 1 nyekundu, 2 njano, 3 kijani, 4 samawati, 5 bluu, 6 zambarau, 7 ambayo huwa nyeupe kwenye kioo cheusi na nyeusi kwenye kioo cheupe, kisha 8 na 9 za kijivu, na kuendelea. Kuna faili dogo linaloishia na herufi ctb, na ndani yake kila rangi imeandikiwa itachapwa kwa wino upi na kwa unene gani. Mara nyingi hakuna anayekumbuka nani alilitengeneza. Mtu alikaa siku moja akalipanga, baadaye akahama kazi, faili likabaki, na vijana waliokuja baada yake wanachora nyumba za watu kwa kufuata maamuzi ya mtu ambaye hawakuwahi kukutana naye.

Nalikalia jambo hili dogo kwa sababu naona ndipo ramani inapoamuliwa. Ndani ya kompyuta mstari hauna unene. Ni nukta mbili na njia ya moja kwa moja kati yake, basi. Ni mstari wa Euclid, Mgiriki wa Aleksandria aliyefundisha kwamba mstari una urefu na hauna upana. Ukuze mara elfu, hautanenepa. Lakini jicho halioni kisicho na upana, wala printa haiwezi kukichapa, kwa hiyo kabla karatasi haijatoka lazima mtu aseme mstari huu uwe mpana kiasi gani na ule kiasi gani. Asiposema, programu inasema kwa niaba yake: 0.25 kwa kila kitu. Ukuta 0.25, kitasa 0.25, marumaru 0.25, majani ya mti aliopambia bustani 0.25. Ramani ya namna hiyo inaweza isiwe na kosa hata moja la kipimo, na bado ukiitazama macho yanatangatanga, hayajui pa kutua. Mimi huwa naisoma kama ramani ya mtu aliyechoka kabla hajamaliza.

Zamani uvivu huo haukuwezekana, maana kalamu ilimlazimisha mtu kuchagua. Rotring ya Ujerumani ilitoa Rapidograph mwaka 1953, kalamu yenye ncha ya bomba jembamba, na kila kalamu ilikuwa na unene mmoja tu maisha yake yote. Utaratibu wa kimataifa uliofuata ulizipa kalamu za namna hiyo pete za rangi: zambarau ni 0.13, nyekundu 0.18, nyeupe 0.25, njano 0.35, kahawia 0.5, bluu 0.7, rangi ya machungwa 1.0, kijani 1.4, kijivu 2.0. Wino wa ndani ulikuwa mweusi katika zote. Kwa hiyo kompyuta haikubuni wazo la rangi inayomaanisha unene. Ilirithi lililokuwa tayari kwenye kijaluba cha mchoraji, na mzee aliyezoea kalamu hizo akiona nyekundu kwenye kioo alikuwa na haki ya kutegemea mstari mwembamba.

Namba hizo nazo hazikuokotwa. Kila moja ni ile iliyotangulia ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani kama 1.4. Uwiano huo huo ndio unaopanga karatasi zetu, kutoka A4 kwenda A3 kwenda A2 hadi A0 yenye eneo la mita moja ya mraba, utaratibu uliowekwa rasmi Ujerumani mwaka 1922 na baadaye dunia karibu yote ikaufuata. Matokeo yake ni mazuri mno. Mchoro wa A3 ukikuzwa kuwa A2, mstari wa 0.25 unakuwa 0.35, na 0.35 unakuwa 0.5. Mchoraji aliyetaka kuongeza dirisha kwenye nakala iliyokuzwa aliweka chini kalamu yake, akachukua inayoifuata kijalubani, na mstari mpya ukakaa na ya zamani bila kujulikana upi ulitangulia. Sijui jambo jingine la ofisini lililofikiriwa kwa utulivu kiasi hicho.

Kalamu zenyewe zilikuwa na adha. Wino uliganda ndani. Ulikuwa unaitikisa kalamu karibu na sikio usikie kijiwaya kilichomo kwenye ncha kikigonga. Kisipogonga, unaifungua, unaiosha, unasubiri. Kosa lilikwanguliwa kwa ncha ya wembe juu ya karatasi inayopenyeza mwanga, taratibu, karatasi isije ikatoboka. Baada ya hapo mchoro ulipitishwa kwenye mashine ya amonia, nakala zikatoka na harufu iliyokuwa inachoma macho ya ofisi nzima. Siwezi kujifanya nazitamani nyakati hizo. Ninachokitamani ni kimoja: hakuna aliyebadilisha kalamu bila sababu, kwa hiyo kila unene uliokuwa kwenye karatasi ulikuwa na sababu.

Kisha zikaja plota. HP 7475A ya mwaka 1983 ilikuwa na kigurudumu cha kalamu sita ndogo na mkono uliozichukua moja baada ya nyingine. Lugha yake ilikuwa fupi kuliko ya mtoto: SP1, chukua kalamu ya kwanza, PD, iteremshe, PU, inyanyue. Hakukuwa na amri ya kusema chora mstari mnene. Ulichoweza kusema ni namba ya kalamu, na aliyeiweka kalamu nene kwenye tundu la kwanza ndiye aliyejua nini kitatokea. AutoCAD ilikuwa imetoka mwishoni mwa mwaka 1982, na kwenye kioo ilichoweza kukitofautisha kwa urahisi ni rangi. Basi rangi ikafungwa kwenye namba, namba ikafungwa kwenye tundu, na tundu likabeba kalamu. Mwaka 1991 HP ikaleta DesignJet ya kurusha wino, isiyohitaji kalamu wala kigurudumu, na baada ya miaka michache kalamu zikatoweka ofisini. Fundo lenyewe halikufunguliwa. Leo kijana aliyezaliwa baada ya plota ya mwisho kutupwa anafungua jedwali la ctb na kupanga kalamu ambazo hazipo. Programu ya ArchiCAD haijifichi hata kidogo: mpaka sasa inaziita kalamu.

Tuje kwenye kuamua kwenyewe. Chukua ramani ya kawaida ya nyumba ya vyumba vitatu, skeli 1:100. Ramani ya sakafu ni nyumba iliyokatwa kwa msumeno wa kufikirika, usawa wa mita moja na kidogo kutoka sakafuni, sehemu ya juu ikaondolewa, ukatazama chini. Msumeno ulipita kwenye kuta, kwenye nguzo, kwenye fremu za madirisha. Hivyo ndivyo vilivyokatwa na vinapewa mstari mnene. Sinki, kitanda na ngazi za barazani havikuguswa, vimeonekana tu kwa chini, kwa hiyo vinashuka daraja. Marumaru za sakafu zinashuka zaidi. Upenu wa paa ulikuwa juu ya msumeno na umeshaondolewa, lakini fundi anahitaji kuujua, basi unachorwa kwa mstari wa vipande vipande. Viwango vya kimataifa vya michoro ya ujenzi vinapendekeza daraja tatu, kila moja mara mbili ya iliyo chini yake: 0.13, 0.25 na 0.5 kwa mfano, au 0.25, 0.5 na 1. Ukizifuata tatu hizo peke yake, nusu ya kazi imekwisha. Wanaotumia unene wa aina tisa kwenye karatasi moja wanajifurahisha wenyewe, maana jicho la msomaji halihesabu mpaka tisa.

Lakini mstari una mwili, na mwili huo unakula nafasi. Tofali la inchi 6 lina milimita 150. Kwenye 1:100 ukuta wake ni milimita 1.5 za karatasi. Kingo zake mbili ukizichapa kwa 0.5, wino unaingia ndani robo milimita kila upande, katikati panabaki weupe wa milimita 1, na ukuta unasomeka. Pandisha hadi 0.7: weupe unabaki 0.8, na kwa nje ukuta unafikia 2.2, kwa macho umeshakuwa ukuta wa sentimita 22. Sasa chapa faili lile lile kwa 1:200. Ukuta mzima ni milimita 0.75, na kingo za 0.7 zinaacha uwazi wa 0.05 ambao hakuna printa ya mtaani itakayouheshimu. Umepata mstari mmoja mweusi. Mchoraji anayepima majumba ya Mji Mkongwe, Zanzibar, hasumbuliwi hivyo: ukuta wa mawe na chokaa wenye nusu mita ni milimita 5 za karatasi, anaweza kuujaza wino wote na chumba kikabaki chumba. Ndiyo sababu programu ya Revit ina jedwali la daraja 16 za unene ambamo kila daraja inaweza kupewa kipimo chake kwa kila skeli. Ni uamuzi wa busara, ingawa watumiaji wengi ninaowafahamu hawajawahi kulifungua jedwali hilo.

Kinachonivutia zaidi ni pale nyumba moja inapochorwa na watu watatu. Kwenye mchoro wa mbunifu wa majengo, ukuta ni mweusi na mzito. Mpe mhandisi wa miundo nyumba ile ile: kingo za zege zinakuwa nyembamba kabisa, na nondo ndani yake zinapewa unene wote uliopo, pamoja na ringi zake. Kwa macho ya kawaida ni kinyume cha akili, kitu kidogo kinachapwa kinene na kikubwa kinachapwa chembamba. Lakini mchoro huo unakwenda kwa mtu anayekunja nondo, na saa ile ya kazi zege bado halijamwagwa. Mpelekee fundi umeme: nyumba nzima inafifia kuwa kijivu, kuta na milango vyote, na kinachobaki cheusi ni swichi, soketi, taa na tao la waya linaloziunganisha. Hakuna kilichohamishwa kwenye faili. Mtu amebadilisha jedwali tu. Nyumba imebaki pale pale, kilichobadilika ni nani inazungumza naye.

Kijivu, kwa kuwa nimekitaja, kina hila yake. Jedwali linaruhusu kupunguza wino wa rangi fulani, sema asilimia 50. Printa ya leza haina wino wa kijivu. Ina nukta nyeusi, na ili kupata nusu inachapa nukta moja na kuruka moja. Kwenye eneo pana mbinu hiyo haionekani. Kwenye mstari ni habari nyingine. Printa ya nukta 600 kwa inchi ina nukta za kama milimita 0.042. Mstari wa 0.13 ni nukta tatu kwa upana, wa 0.18 ni nne, wa 0.25 ni sita. Ondoa nusu ya nukta kwenye mstari wenye nukta tatu, na ukiishika karatasi karibu na dirisha utauona umekatikakatika. Mstari uliokatikakatika una maana yake, tumeshaiona: kitu kilicho juu, au kilichofichika. Mchoraji alitaka kusema hiki si muhimu sana, printa ikasema hiki hakionekani. Na ule unene unaoitwa 0.00, ambao wengi hudhani ni wa kati ama ni wa kawaida, maana yake ni mstari mwembamba kuliko yote ambayo mashine hiyo inaweza: nukta moja. Kwenye kioo unaonekana sawa na mingine. Kwenye karatasi nzuri ni unywele. Ikishapigwa fotokopi, haupo.

Steshenari ndiko jedwali linakojulikana thamani yake. Mchoraji kijana anafika na flashi, anamwambia mwenye duka amtolee nakala tatu za A3. Faili limekuja peke yake. Ctb imebaki kwenye kompyuta ya ofisini. AutoCAD ya dukani inaona jina la jedwali lakini jedwali halipo, basi inachapa kila rangi kama ilivyo. Printa ni ya wino mweusi. Nyekundu inatoka kijivu cha wastani, bluu inatoka nzito zaidi. Na njano, iliyong'aa kuliko zote kwenye kioo cheusi, ambayo kwa sababu hiyo hiyo ofisi nyingi huipa kazi kubwa, juu ya karatasi nyeupe inakuwa vumbi.

“Kaka, mbona milango haipo?”

“Ndivyo faili lako lilivyokuja, bosi. Mimi nimebonyeza tu.”

“Kwangu ilikuwa inaonekana.”

“Kwako, ndiyo.”

Foleni nyuma yake inasubiri. Hapo mwenye duka, kwa roho nzuri, anachagua jedwali lililokuja na programu, liitwalo monochrome, na kila rangi inageuka nyeusi. Milango inarudi. Tatizo linaonekana limeisha, na ramani inakwenda saiti ikiwa nyeusi yote, lakini jedwali hilo halikuwa na habari ya unene wowote wa ofisi ile. Linafuata uliowekwa kwenye mchoro wenyewe, na usipowekwa, ni 0.25 kwa kila mtu. Nimeona ramani za namna hii zikiwa zimegongwa mihuri. Zina kila kitu isipokuwa mpangilio wa umuhimu.

Dawa inajulikana: chapa kwanza kuwa PDF ofisini, unene ukaganda ndani yake, kisha peleka PDF dukani. Dawa hiyo nayo ina mlango wa nyuma, kitufe cha kutosheleza karatasi. PDF ya A1 ikitolewa kwenye A3 inapungua mara mbili kamili, na kila mstari unapungua nayo. 0.5 inakuwa 0.25, bado hai. 0.13 inakuwa 0.065, nukta moja na nusu. Maandishi ya milimita 2.5 yanakuwa 1.25. Na kwa mji kama wetu A3 ndiyo karatasi halisi ya ujenzi. A1 inakwenda halmashauri kutafuta kibali, A3 inakwenda saiti, na ya saiti ni fotokopi ya fotokopi. Kinachokufa kwanza kwenye fotokopi ni mistari myembamba, na mistari myembamba kwa mujibu wa vitabu ni ile ya vipimo. Yaani namba inabaki, mstari unaoonyesha namba hiyo inapima kutoka wapi hadi wapi unapotea. Fundi anaona 3600 inaelea katikati ya chumba. Ni kutoka katikati ya ukuta? Ni kutoka uso wa ndani? Mimi nimeshafikia msimamo hapa na sitaubadilisha kwa kuonyeshwa kiwango: mstari wowote uliobeba namba, ukijua karatasi itaishia A3, usiupe chini ya 0.25 kwenye A1. Ramani itaonekana nzito kidogo mezani kwa bosi, na itasomeka saiti.

Kuna mahali ambapo unene wa mstari unaacha kuwa suala la kusomeka na kuwa suala la mali. Kwenye ramani ya mipango miji ya skeli 1:2500, mstari wa mpaka wa kiwanja wenye milimita 0.5 unafunika ardhi yenye upana wa mita 1.25. Hiyo ni njia ya mtu kupita na baiskeli. Majirani wawili wanaweza kuja na nakala hiyo hiyo, kila mmoja akaweka rula kwenye ukingo wa wino ulio upande wake wa faida, wote wakawa wamepima sawasawa. Kisheria mpaka hauko kwenye wino. Uko kwenye bikoni zilizozikwa ardhini na kwenye namba za viwianishi zilizosajiliwa, na kati ya bikoni na bikoni unapita mstari wa Euclid, usio na upana hata kidogo. Mpima anaujua. Wenye viwanja wanaujua wino. Nimewahi kufikiri kwamba ugomvi wa namna hii usingekuwepo kama mstari ungechapwa kwa 0.13, lakini hata huo una sentimita 32 chini yake, na watu wamegombania pungufu ya hapo.

AutoCAD yenyewe ilijaribu kulifungua fundo la rangi na kalamu. Toleo la 2000, lililotoka mwaka 1999, lilileta jedwali la aina ya pili, stb, ambalo haliangalii rangi kabisa. Unaliandikia majina: ukuta uliokatwa, kitu kinachoonekana, vipimo, kijivu. Kila kitu kinapewa jina lake na rangi inabaki huru, uitumie utakavyo. Kwa hoja, stb inashinda asubuhi na mapema. Anayeanza leo bila historia yoyote angepaswa kuichagua. Na bado ofisi nilizopita zinaendelea na ctb, na sababu si ukaidi peke yake. Faili la aina moja halikai kwa amani na la aina nyingine mpaka uligeuze, na kila ofisi ina makabati ya mafaili ya zamani. Zaidi ya hayo, mchoraji aliyefanya kazi muda mrefu haoni tena kijani, anaona 0.5. Akitupa jicho kwenye kioo anajua bila kuchapa ni wapi pamekuwa pazito mno. Programu inayo swichi ya kuonyesha unene wenyewe kwenye kioo, na karibu kila mtu huizima, maana mistari inavimba na kufunikana unapojaribu kukamata kona. Rangi inamwonyesha unene bila kuuchukulia nafasi. Ni vigumu kumshawishi mtu aache kitu cha namna hiyo kwa ajili ya unadhifu wa nadharia.

Na kuna nchi ambako rangi inaruhusiwa kufika kwenye karatasi ikiwa rangi. Ureno na Ujerumani, mchoro wa kubadilisha jengo la zamani unaonyesha kitakachojengwa kwa nyekundu na kitakachobomolewa kwa njano. Afisa anauangalia mara moja na anajua nini kinakuja na nini kinaondoka. Nadhani tungefaidika na utaratibu huo hapa, ambapo nyumba inaongezwa chumba kila mwenye nayo akipata pesa na ramani ya mwisho haifanani na ya kwanza, lau si gharama ya wino wa rangi dukani.

Sasa hivi rangi inarudi kwa njia nyingine, kwa sababu nakala ya kwanza anayoipata fundi siku hizi haiko kwenye karatasi. Inatumwa kwa WhatsApp. Kwenye simu wino haulipiwi, na ofisi zimeanza kuachia rangi zitoke: bomba la maji safi bluu, la maji machafu kahawia, umeme mwekundu. Inapendeza, inaeleweka haraka, na unene unapungukiwa na kazi, kwa kuwa kwenye kioo cha simu msomaji anavuta kwa vidole na kila mstari unakuwa mnene anavyotaka yeye. Lakini simu haikai vizuri kwenye mkono wenye saruji, kwa hiyo fundi bomba anapitia steshenari njiani, anatoa nakala moja ya A3 nyeusi na nyeupe, anaikunja mara nne na kuitia mfuko wa nyuma. Bluu na kahawia zimekuwa kijivu kimoja. Anaifungua juu ya mtaro uliokwisha kuchimbwa, anapiga simu ofisini na kuuliza, “Samahani, injinia, hii inayokwenda jikoni ni ya kuleta au ya kutoa?” Aliyechora mabomba hayo kwa rangi na pia kwa aina mbili za mstari, mmoja mfululizo na mwingine wa vipande, atamjibu akiwa anaendelea na chai. Aliyetegemea rangi tupu itabidi afungue kompyuta, na fundi atasubiri.